Mizani ya Samaki na Bunduki ya Orrin

Rock Creek, Montana
9 Septemba 1983

Verna mwanangu,

Kaa chini kwanza ndipo usome, kwa sababu si kila mtu katika jimbo hili huandikiwa barua na mwindaji ambaye elki, wale kulungu wakubwa kama farasi, wakisikia jina lake huhama bonde zima, madume kwa majike, na ndama wao mgongoni. Sisemi kwa kujisifu. Mwaka jana askari wa wanyamapori walikuja hapa kuniomba niwaonyeshe elki wanalala wapi. Nikawaambia, "Jamani, mimi siwatafuti. Wao ndio huja kuniuliza mimi nitalala wapi, wapate kujipanga." Mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondokea mtoni, na mpaka leo iko huko, kuna samaki anaivaa.

Haya, tuje kwenye la maana. Bunduki ya marehemu baba yako Orrin imekuwa tayari. Ingvald wa lori la mbao atakuletea. Nimeifunga ndani ya blanketi langu la jeshi. Blanketi nalitaka.

Ulipoiacha hapa mwezi wa Julai ulisema neno ambalo bado limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ulisema mwaka huu ukishindwa kupiga sawasawa utarudisha kibali cha kuwinda na kuiuza bunduki. Verna, umeingia bahati nasibu ya vibali tangu baba yako hajafa, mwaka huu ndipo jina lako limetoka, dume wa elki, mlima ule ule aliokuwa akiupenda Orrin, halafu unaniletea habari za kuuza. Najua ni kwa ajili ya yule dume wa mwaka jana, kule chini kusikohitaji bahati nasibu. Ulimjeruhi, ukafuata damu mpaka theluji ikaifunika, hukumpata. Linauma, na linatakiwa liume. Asiyeumwa na jambo hilo hafai kupewa hata manati.

Ila aliyekosa si wewe, ni bega lako. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na bega la fahali, na maganda yake ya risasi aliyajaza baruti kama mtu anayetaka kupasua mwamba apitishe reli. Ukipigwa teke namna hiyo mara mbili tatu, mwili unajifunza. Kidole kikianza kuvuta tu, macho yanajifumba yenyewe kabla ya mlio. Hata mimi ningefumba, isipokuwa mimi macho yangu hayajui kufumba, ndiyo maana nalala nikiangalia dari.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza ni baruti. Risasi zote alizoacha Orrin nimezifungua, baruti yake nikaimwaga kwenye maua ya jirani, nayo yamestawi mpaka anayaogopa. Baruti ni kama wapishi, mwanangu. Yuko anayewasha kuni zote kwa mpigo, sufuria inaruka na kifuniko chake. Na yuko anayesogeza ukuni mmoja mmoja mpaka chungu kichemke bila kelele. Mtutu wa bunduki hii ni mrefu, una nafasi ya kumvumilia mpishi wa pili, basi huyo ndiye niliyekuchagulia. Nikatafuta na vichwa vya risasi vyepesi kidogo kuliko vyake. Kila ganda nimelipimia kwa ile mizani ndogo ya shaba, punje kwa punje, redio imezimwa. Kwenye baruti mimi sina utani. Kwenye baruti hata mafua nayaahirisha.

La pili ni kifyatulio. Kilikuwa kizito na kinakwaruza, mtu anavuta kama anamng'oa ng'ombe jino. Nimevinoa kwa jiwe la mafuta vile vyuma viwili pale vinapokamatana, nikalegeza springi, sasa kinakatika kama kijiti cha barafu. Ratili tatu kamili, ndio uzito wa mwindaji mwenye akili. Nimepima kwa mizani yangu ya samaki, ndoano kwenye kifyatulio, nikavuta. Ni mizani ile ile iliyompima trauti wangu, samaki wa ratili kumi na moja, yule ambaye picha yake imetundikwa kwenye baa ya Mickey na watu wanatoka Idaho kuja kuitazama. Mizani hiyo ingeweza kuapishwa mahakamani.

Piga, kisha niandikie. Simu nimeikata mwenyewe. Gavana alikuwa ananichosha kwa kutaka ushauri.

Mimi baba yako mdogo,
Alden Brekke
Bingwa


Lewistown
18 Septemba 1983

Baba mdogo,

Blanketi nimelifua. Limetoa maji ya rangi tatu, na ya mwisho siijui jina.

Nianze na jema. Siku Ingvald alipoleta bunduki nilikwenda nayo korongoni peke yangu, nikapiga risasi moja tu, kwenye ukingo wa udongo, bila kulenga kitu, nijue teke lake. Kitako kilinisukuma kama mbwa anayeomba mkate. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kidogo, kwa furaha. Maisha yangu yote sijapata kuipiga bunduki ya Baba bila kuuma meno. Huyo mpishi wako wa pili ni mtu wa heshima.

Sasa baya. Jana ilikuwa Jumamosi ya kulenga hapa klabuni. Unajua desturi yetu, kila anayekwenda mlimani hupiga risasi tatu mbele ya wenzake, kisha ndipo Mama Hazel Pruitt anampakulia chapati za maji na kahawa. Mama Hazel ndiye msimamizi wa uwanja tangu nikiwa mtoto, na mtu akipiga ovyo humpa chapati iliyoungua.

Zamu yangu ikafika. Nikakaa mezani, nikaegemeza mtutu kwenye mfuko wa mchanga, nikaweka kidole. Sikuwa nimeamua, Ba'mdogo. Nilikuwa bado naitafuta karatasi ya shabaha kwenye darubini, bunduki ikalia. Risasi ikachimba udongo mbele yangu pale, hata mtoto angeweza kufika kwa kuruka. Watu wakainua shingo kutazama shimo. Kisha Clyde Amundsen, mwenzetu wa klabu, akasema, "Verna, yule fuko ulikuwa na kibali chake?" Wakacheka, na mimi nikacheka, ungefanyaje. Ya pili ikawa vile vile. Ya tatu sikuipiga.

Mama Hazel aliniwekea mkono begani, akanipa chapati nzuri kabisa, ya kahawia. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Kwa hiyo si bega. Bega umeliponya. Kumbe ugonjwa uko kichwani, umezidi, siku hizi sisubiri hata teke. Sitaki kumtia mnyama mwingine risasi ya tumbo na kumwacha akafie kusikojulikana. Vibali vinavyorudishwa kabla ya tarehe kumi Oktoba hupewa aliyefuata kwenye orodha. Changu nitakirudisha. Mzee Whitcomb wa duka la bunduki amesema ataiangalia ya Baba.

Nisamehe kwa kazi yako.

Verna


Rock Creek
22 Septemba 1983

Verna,

Whitcomb asiiangalie hata kupitia dirishani. Yule mtu aliwahi kununua buti zangu, akanilipa bei ya kisigino.

Sikiliza. Kifyatulio hakina kosa. Ratili tatu ni ratili tatu, na mkono uliokinoa ni huu ulioko kwenye kalamu. Hapo kosa ni kidole chako, mwanangu, nakwambia kwa upendo. Kidole kina woga wake, hakisikii la kichwa. Nimeshatibu wengi. Palikuwa na hakimu mmoja wa Missoula, akishika bunduki anatetemeka mpaka vifungo vya koti vinagongana. Nilimtibu kwa senti kumi. Baada ya wiki mbili alipiga kwato la elki aliyekuwa nyuma ya mlima, kwa kulikadiria.

Dawa yake hii hapa. Toa risasi zote, angalia chumba cha risasi, kisha angalia tena kama mtu anayevuka reli. Lenga ukutani. Weka sarafu ya senti kumi juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, ilale bapa. Vuta kifyatulio. Sarafu ikianguka, umeshtuka. Ikibaki, umepona. Fanya kila jioni ukimaliza kuosha vyombo.

Kibali usirudishe mpaka uniandikie. Orrin alisubiri mlima ule miaka mingi akafa jina lake halijatoka. Wewe limetoka. Usinifanye nianze kuandika kwa huzuni, sijazoea, mwandiko unaharibika.

Alden Brekke
Bingwa, na tabibu wa vidole


Lewistown
30 Septemba 1983

Baba mdogo,

Nimefanya ulivyoniagiza. Jioni ya kwanza sarafu ilianguka. Ya pili ikayumba. Kuanzia hapo haijaanguka hata mara moja. Imelala juu ya mtutu kama paka kwenye dirisha lenye jua. Nikaanza kujiuliza, kama sishtuki, mbona kule uwanjani ililia kabla yangu?

Jana nilikuwa nakanda lefse, zile chapati za viazi za Bibi, mikono imejaa unga. Nikakumbuka sijafanya mazoezi. Nikaichukua bunduki, tupu, nimeiangalia mara mbili, nikafunga komeo lake, kile chuma cha kuzibia chumba cha risasi, kwa haraka kwa kiganja ili nisiipake unga. Kidole kilikuwa mbali, Ba'mdogo. Kidole kilikuwa hewani. Nikasikia tik. Sindano inayogonga risasi imejiachia yenyewe.

Nikarudia, nikalifunga komeo kwa nguvu. Tik. Nikalifunga tena taratibu, sindano ikashika, kisha nikaigonga kitako kwenye zulia, polepole tu, kama unavyobisha mlango wa mgonjwa. Tik.

Nakuuliza, na usikasirike. Zile ratili tatu, una hakika? Sikulaumu. Ninachotaka kujua ni kimoja, kama ni mimi au ni chuma. Kama ni mimi, kibali kinarudi na yote yameisha. Kama ni chuma, chuma hutengenezwa.

Nijibu upesi. Siku zimebaki chache.

Verna


Rock Creek
4 Oktoba 1983

Verna,

Ni chuma. Si wewe.

Nimeliandika hilo peke yake huko juu ili hata barua ikilowa njiani ulisome.

Nilipomaliza barua yako nilikasirika, nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Kisha nikarudi ndani nikatundika kwenye mizani ya samaki mfuko wa sukari wa ratili tano, mpya, wa dukani, haujafunguliwa. Mizani ikasema saba na nusu. Nikasema sukari imelowa. Nikaenda kwa jirani nikaazima mfuko wa unga wa ratili tano. Saba na nusu. Jirani akauliza kuna nini, nikamwambia namfanyia uchunguzi mwenye duka.

Maana yake mizani inazidisha. Zile tatu zangu zilikuwa mbili, na mbili kwenye bunduki ya kale ya vitani kama ile ni kuiambia ilie ikijisikia. Mizani ya zamani, springi imechoka, vitu huzeeka. Kila risasi iliyokwenda kwenye udongo mbele ya Clyde Amundsen niliipiga mimi nikiwa Rock Creek. Ndiyo shabaha yangu ya mbali kuliko zote, na wala sitaki kuisimulia.

Nilikuandikia kwamba kosa ni kidole chako. Likwangue neno hilo kwenye karatasi mpaka utoboe.

Toa komeo, lifungie kabatini, bunduki iwe chumba kingine. Usiipige tena mpaka nifike. Nakuja na basi la Jumamosi, nimebeba mawe yangu ya kunolea na springi mpya. Mwambie Hazel Pruitt alete vile vyuma vyake vya kupimia uzito. Ndiyo, Hazel yule yule aliyesema mbele ya watu kwamba redio huzimwa lakini Alden hana kitufe. Atakuwepo, na nitavumilia.

Kibali usikiguse.

Alden


Lewistown
7 Novemba 1983

Baba mdogo mpenzi,

Nimempata.

Ningetaka kukuandikia kama unavyoandika wewe, kwamba alikuwa mkubwa kuliko kanisa na pembe zake zilizuia jua, lakini nitakuambia ilivyokuwa. Siku ya kwanza ya msimu niliona majike tu. Wiki yote iliyofuata upepo ulikuwa mbaya. Jumapili ya tarehe thelathini ndipo ulipogeuka, nikapanda kutoka upande wa kusini, ule ambao Baba alikuwa anauita ngazi ya mvivu. Theluji ilikuwa mpya, laini, haina kelele. Kulipopambazuka akatokea kwenye misonobari, peke yake, anakula, anavuka uwanda mdogo kama mtu anayetoka dukani bila haraka.

Nilimweka kwenye darubini, akageuka, nikangoja. Akasimama nyuma ya gogo, nikangoja. Nilikuwa na muda wa kujisikiliza napumua. Kisha akanionyesha ubavu, nikaamua. Nataka usome neno hilo mara mbili. Niliamua, nikavuta, na kifyatulio kikakatika pale pale nilipotaka, na macho yangu yalikuwa wazi, nimeona manyoya yakitikisika. Alikwenda hatua chache akakunja magoti. Hakuna damu ya kufuata. Nilikaa karibu naye kwenye theluji, nikamwambia Baba asante, na wewe pia asante, kwa sauti, kama kichaa.

Clyde alikuja na nyumbu wake wa mizigo kunisaidia kushusha nyama. Njia nzima hakumtaja fuko. Tulipofika chini ndipo akasema, "Salamu zimfikie kule shimoni." Nimemsamehe.

Soseji zako Ingvald anazo. Usizile zote kwa siku moja.

Nikuambie na kituko. Jana jioni tulikula ini na vitunguu kwa Mama Hazel, mazungumzo yakafika siku ile mlipotengeneza kifyatulio jikoni kwake, wewe unanoa, yeye anatundika chuma kimoja baada ya kingine na kukwambia "bado, bado, punguza mdomo." (Bunduki sasa watu wazima watatu wameigonga zulia zima, kifyatulio hakijasema tik. Mama Hazel alisema hajaona mkono mzuri wa kunoa kama wako. Nilimwahidi sitakuambia.) Basi Clyde akauliza, hivi ile mizani ya samaki iliharibikaje? Nikasema springi ilichoka. Mama Hazel akatikisa kichwa. Akasema uliisahau mezani siku ile ukaenda kuvuta tumbaku, akaitazama. Springi ikichoka, anasema, huzidisha kidogo kidogo, haizidishi nusu nzima. Anasema kile chuma cha ndani kimepindwa kwa koleo, alama za meno ya koleo zinaonekana.

Nikamkatalia mbele ya wote. Nikasema, "Mama Hazel, baba yangu mdogo huongeza chumvi kwenye maneno. Kwenye vyuma, hapana." Yeye akainuka kumimina kahawa. Nikajisikia vizuri, maana ni mara ya kwanza nimekutetea kwa jambo la kweli.

Njoo Krismasi. Lete blanketi, wageni watakuwa wengi.

Verna wako


Rock Creek
14 Novemba 1983

Verna mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye baa ya Mickey, ukurasa wa elki wote, na nilipofika pale uliposema "niliamua" nikasoma mara mbili kama ulivyotaka, kisha mara ya tatu kwa ajili ya Mickey aliyekuwa anaosha glasi na hakusikia. Wote wameinua glasi zao kwa ajili ya Orrin. Mzee mmoja asiyekujua amelia, lakini yeye hulia hata kwa mechi ya mpira. Soseji zimefika. Nimezila zote kwa siku moja.

Ukurasa wa Hazel Pruitt sikuusoma kwa sauti.

Usinitetee tena kwa yule mama, Verna. Ana macho. Nimekaa na barua yako siku mbili hapa mezani, mizani kando yake, na kila nikiitazama naona unasimama mbele ya watu, ini likipoa kwenye sahani, unaapa kwa vyuma vyangu. Mtu anaweza kubeba uongo wake mwenyewe miaka mingi wala asichoke. Akibebewa na mtoto wa kaka yake, unakuwa mzito ghafla.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa sabini na nne. Mimi na Orrin tulikuwa tunavua mto huu huu. Akatoa trauti wa ratili nane, akampiga busu, akamrudisha majini, wala hakumwambia mtu. Unajua alivyokuwa. Kesho yake nikampata wangu. Nilipompima sikuipenda ile namba. Mizani ilikuwa mkononi, koleo lilikuwa mfukoni, na picha ilikuwa inapigwa adhuhuri. Nikapinda kile chuma, akawa wa kumi na moja. Nilikusudia kukinyosha jioni. Jioni watu walikuwa wananinunulia bia.

Miaka yote hiyo nimepimia samaki tu, na samaki hadhuriki kwa kuzidishwa. Nikasahau kabisa, Verna. Ndiyo aibu yenyewe. Niliupinda uongo wangu kwa mkono wangu, kisha nikausadiki, nikautundikia bunduki ya kaka yangu na kumkabidhi mwanawe.

Asubuhi nimekinyosha kile chuma. Sukari imesema tano. Kisha nikaenda kwa Mickey, nikaomba kiti, nikapanda mbele ya watu wote waliokuwepo, nikakata ile kumi na moja kwenye picha kwa kalamu ya wino. Watu wakaweka glasi zao mezani. Mickey akauliza, "Sasa niseme ngapi watu wa Idaho wakija?" Nikaandika saba na kidogo. Nikashuka. Hakuna aliyecheka, isipokuwa wote.

Nitakuja Krismasi, na mizani nitaileta, Hazel aikague akitaka, na blanketi litakuwa safi. Mwambie nami nimeona chapati yake, si mbaya. Mwaka ujao nitaingiza jina langu kwenye bahati nasibu ya vibali pamoja na lako. Likitoka langu utanionyesha ile ngazi ya mvivu, maana mimi, sasa nikikumbuka vizuri, sijawahi kuipanda.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, nimalizie. Ile "kidogo" niliyoandika baada ya saba, ni kokoto. Nilimlisha yule trauti kabla ya kumpima.

Baba yako mdogo,
Alden